KISU CHA MFUKONI HAKIHITAJI HARAKA

Katika familia nyingi za Kasulu na Kibondo, na hali kadhalika kwa ndugu zetu waliopokelewa katika kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996 walipokimbia vita mashariki mwa Kongo, kisu cha kukunja ni chombo cha baba. Hukaa mfukoni tangu asubuhi hadi jioni. Kwa kisu hicho hicho mtu humenya muhogo, hukata vijiti vya kupanda, hukata kamba ya mzigo wa kuni, humchuna mbuzi siku ya sikukuu. Hatuna ugomvi na kisu cha namna hiyo. Ugomvi wetu ni na tabia moja tu: kukichokoa kisu ili kifunguke upesi kuliko alivyokusudia aliyekitengeneza.

Kisu cha kale na kisu cha springi

Wazee wengi wanakijua kisu cha Okapi. Kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, ili kiuzwe katika makoloni ya Kijerumani ya Afrika, na nchi yetu ilikuwa mojawapo. Jina lake ni la mnyama wa misitu ya Kongo. Kile kinachojulikana zaidi kina pete ya chuma mgongoni, na hakifungiki mpaka uivute pete hiyo. Kukifungua ni kazi ya mikono miwili, na hakuna springi inayokisukuma.

Visu vingine vya siku hizi vina springi ndani ya mpini. Ukisukuma kinundu kidogo kwa kidole gumba, springi hulipokea bapa njiani na kulimalizia kwa kishindo. Kiwandani huwekwa kizuizi kidogo kinacholishika bapa lisitoke mpaka lisukumwe. Huwekwa pia loki, yaani kibati kinacholishika bapa likishafunguka, lisirudi juu ya vidole. Vitu hivyo viwili vidogo ndivyo vinavyotenganisha chombo cha kazi na hatari ya mfukoni.

Sasa vijana hufanya nini? Mmoja hukipiga tupa kile kizuizi ili kisu "kiwe chepesi". Mwingine hukaza springi au huweka nyingine yenye nguvu zaidi. Wa tatu, skrubu ikipotea, hupitisha msumari mahali pake. Wote hukisifu kisu kwa kuwa sasa kinafunguka kufumba na kufumbua.

Yanayotokea mfukoni na mkononi

Kisu kisicho na kizuizi hakimngoji mwenyewe. Funguo zikikisukuma, au mtu akiinama kufunga mzigo kwenye baiskeli, kinaweza kufunguka ndani ya suruali. Mbele ya paja, karibu na kinena, hupita mshipa mkubwa wa damu. Ukikatika, mtu anaweza kufa kwa kutokwa damu katika dakika chache, kabla hajafikishwa popote.

Loki iliyolegea huleta balaa jingine. Mtu anakata kitu kigumu, bapa linageuka na kufunga juu ya vidole vyake. Jeraha linaweza kuonekana dogo, kumbe kano imekatika. Kano ni ile kamba inayovuta kidole kikunjike. Ikikatika haijiungi yenyewe. Huhitaji kushonwa na daktari wa upasuaji, na mapema. Mkulima ambaye vidole viwili havikunjiki hashiki tena jembe sawasawa. Hasara hiyo ni ya mke na watoto pia.

Hoja ya ulinzi

Wapo watakaosema, "Njia zetu zimewahi kuwa na majambazi, kisu cha haraka ni ulinzi." Hofu yao tunaielewa. Lakini anayechomoa kisu mbele ya mnyang'anyi huigeuza habari ya simu au baiskeli kuwa habari ya roho ya mtu, na mara nyingi mwenye silaha kubwa zaidi ni yule mwingine. Aghalabu kisu hicho hakimwoni hata huyo jambazi. Huchomolewa kilabuni, kati ya majirani, baada ya pombe, kwa ugomvi ambao asubuhi ungekwisha kwa kuombana radhi. Kisu kigumu kufunguka humpa mtu nafasi ya kupumua. Sekunde hizo chache zina thamani kubwa kuliko springi yoyote.

Tena, Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inamhesabia kosa mtu anayekwenda hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kijana anayefunguafungua kisu chake sokoni kwa majivuno akumbuke hilo.

Yafaa tufanye nini?

1. Usiguse springi, kizuizi wala loki. Kisu kilichoharibika hapo ni cha kutupa shimoni, si cha kumpa mdogo wako.

2. Marekebisho mema yapo. Safisha mchanga kwenye kiungo, tia tone la mafuta, kaza skrubu iliyolegea. Zungushia mpini kipande cha tyubu ya baiskeli usiteleze mkononi, ila usizibe njia ya bapa.

3. Noa kwa kinoo na maji, polepole. Mashine ya kunolea huunguza chuma. Ukiona kimegeuka rangi ya bluu, ujue kimepoteza ugumu wake. Kisu butu nacho ni hatari, kwa sababu hulazimisha mkono kutumia nguvu.

4. Unaweza kuiviringisha ncha. Mwaka 2005 madaktari wa Uingereza waliandika katika jarida lao la utabibu kwamba visu virefu vya jikoni vyenye ncha kali havina haja, kwa kuwa ncha ndiyo inayofika moyoni na tumboni. Muhogo humenywa kwa makali, haumenywi kwa ncha.

5. Kibebe kimefungwa, peke yake, mbali na funguo na sarafu. Ala ya ngozi kiunoni ni bora kuliko mfuko. Ukipanda baiskeli au bodaboda, kiweke ndani ya mkoba. Ukienda kilabuni, kiache nyumbani.

6. Unapompa mwenzako, kifunge kwanza. Usimrushie.

7. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Kwa kisu cha springi tuwaombe radhi wahenga: usimpe.

Mtu akikatwa

Bandika kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu dakika 10 bila kufunua. Damu ikilowanisha, ongeza kitambaa kingine juu yake. Damu ikiruka kwa nguvu kutoka mkononi au mguuni na kukandamiza hakutoshi, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa kiwiliwili, kaza mpaka damu isimame, andika saa, mkimbizeni hospitali. Kisu kikiwa kimebaki mwilini usikichomoe. Kizungushieni nguo kisitikisike.

Jeraha dogo lioshwe kwa maji safi mengi na sabuni. Msitie mavi ya ng'ombe, majivu, tumbaku wala mafuta ya taa. Mgonjwa ambaye kidole chake hakikunjiki au kimekufa ganzi aende siku hiyo hiyo kituoni, na kutoka huko hospitali, iwe Kabanga, Kasulu au Kibondo.

Pepopunda na akina baba

Wengi huamini kuwa kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Sivyo. Vijidudu vyake huishi katika udongo na mavi ya wanyama, na kisu cha mfukoni hugusa vyote viwili kila siku. Dalili huanza mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 21: taya hukaza, shingo huwa ngumu, kisha mwili mzima hukakamaa kwa maumivu makali. Wakati huo jeraha lenyewe huenda limekwisha kupona na kusahauliwa.

Chanjo ipo. Watoto wetu huipata wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na akina mama huipata kliniki wakati wa ujauzito. Je, baba? Baba hana kliniki ya ujauzito. Kinga aliyopewa utotoni hupungua kwa miaka, naye ndiye anayebeba kisu. Miaka ya 2015 na 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza habari za wanaume wa nchi kadhaa za Afrika waliopata pepopunda baada ya tohara, na wengine wakafa. Hapo ilionekana wazi kwamba wanaume wengi hawana kinga ya kutosha.

Kwa hiyo, baba, ukikatwa usiridhike na bandeji. Uliza sindano ya pepopunda. Ikiwa imepita miaka 5 tangu uchanjwe na jeraha lina uchafu, unahitaji nyingine. Kama hujawahi kuchanjwa, ya kwanza haitoshi: ya pili ni baada ya wiki 4, na ya tatu baada ya miezi 6 hadi 12. Itunze kadi yako kama unavyotunza cheti cha ubatizo.

Na jambo moja la mwisho kuhusu kisu hicho: kisikate kamwe kitovu cha mtoto mchanga. Kazi hiyo ni ya wembe mpya usiotumika, na mahali pake ni kituo cha afya.

Basi, jioni ya leo kila baba akitoe kisu chake mfukoni, akifungue polepole, aangalie kama loki inashika na kama bapa linatulia likifungwa. Kikifaulu, kimtumikie miaka mingi. Kisipofaulu, asingoje kimfundishe.