Vitabu vya Hadithi Vimeenda Wapi?

Akina mama wenzangu, mwezi huu tuzungumze habari ya vitabu vya hadithi. Msinicheke. Najua mmezoea niwaandikie juu ya chanjo na lishe, lakini hata hili nimelikuta huko huko kliniki.

Hutokea mara nyingi. Mama aliyemaliza darasa la saba anapewa karatasi ya maelezo ya dawa, anaitazama kidogo, kisha anampa binti yake amsomee. Si kwamba hakusoma. Alisoma, na pengine alifaulu vizuri, ila tangu atoke shuleni hajashika kitabu. Kusoma ni kama mguu uliofungwa plasta baada ya kuvunjika: usipotumika, misuli hunywea. Wala karatasi za dawa hazitamrudishia nguvu hizo, maana hakuna anayezisoma kwa hamu. Hadithi ndiyo inayomfanya mtu afungue ukurasa mwingine usiku macho yakiwa yamechoka, ili tu ajue yule msichana aliolewa na nani.

Takwimu za serikali ya Tanzania za mwaka 1986 zilionyesha kwamba watu wazima zaidi ya asilimia 90 walijua kusoma na kuandika. Sensa ya 2002 ikakuta kama asilimia 69 tu. Sababu zilikuwa nyingi, na vipimo havikuwa vilevile, lakini mimi siachi kufikiri juu ya wale waliofundishwa kusoma halafu wakakosa cha kusoma.

Maktaba tunazo. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Ila ingia katika maktaba nyingi za mikoani, utakuta vijana wameinamia madaftari yao wenyewe. Wamefuata meza na utulivu wa kujiandaa kwa mtihani, na mtihani ukiisha hawarudi. Mama mwenye mtoto mgongoni humwoni kabisa. Aende saa ngapi, na ndoo ya maji amwachie nani?

Basi maktaba imfuate. Kenya walifanya hivyo mwaka 1996, huduma ya maktaba ya taifa ilipoanza kupeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa Garissa. Na mfano unaonigusa zaidi, kwa kazi yangu, ni wa Birmingham, Uingereza. Mwaka 1992 maktaba za mji huo zilishirikiana na watu wa afya: watoto wachanga 300, walipofikia umri wa kupimwa wa miezi saba hadi tisa, walipewa mfuko wenye kitabu pamoja na mwaliko wa kujiunga na maktaba. Mpango huo uliitwa Bookstart, na baadaye ulienea nchi nzima. Angalieni, kitabu alikabidhiwa mama, pale pale alipokwisha kufika kwa shughuli nyingine.

Kwetu mama huketi kliniki saa mbili, tatu, akingoja mtoto apimwe uzito. Mkutubi wa wilaya akituletea sanduku la hadithi fupi za Kiswahili na kulibadilisha kila mwezi, saa hizo zitapata kazi. Hata vikundi vyetu vya akina mama vingeazimwa sanduku: mmoja asome kwa sauti, wengine wachambue maharage. Asiyeona vizuri naye atasikia.

Wapo wanaosema riwaya huharibu wasichana. Mimi naona afadhali binti asome sebuleni, mama yake akijua anachosoma na kumwuliza, kuliko kuyasikia mambo hayo hayo njiani.

Wakutubi nao wataogopa vitabu kupotea. Vitapotea, ndiyo, na vingine vitararuliwa na watoto. Kwa hiyo waanze na vile vyembamba vya bei nafuu, wasidai ada wala kitambulisho, daftari moja la majina litatosha. Sanduku lenyewe litakaa chini ya meza ya mzani. Nimekwisha kupima, linaenea.