Tunataka Kupimwa: Risala ya Waendesha Baiskeli wa Kanda ya Kati

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa michezo wa mkoa na wilaya, makocha, wazazi na wapenzi wote wa baiskeli,

Sisi ni waendesha baiskeli wa mashindano kutoka Dodoma, Bahi, Manyoni na Singida. Risala za michezo zimezoeleka kuomba jezi na vifaa. Vifaa tunavihitaji kweli, lakini leo tumekuja na jambo linalotuuma zaidi. Tunashutumiwa kwamba tunatumia dawa za kuongeza nguvu, na hakuna anayetupima.

Shutuma hizi zina msimu wake. Mwezi Machi hakuna anayetutaja. Ikifika Septemba na Oktoba, kijana wa huku akiwaacha wenzake kwenye mpando wa kutoka bonde la Bahi kwenda Manyoni, maneno yanaanza: huyu si alikuwa wa mkiani mwanzo wa mwaka? Lisemwalo lipo, watu wanasema, na hukumu imeshatoka.

Mheshimiwa, jibu la swali hilo liko shambani. Kanda ya Kati ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi hiyo wengi wetu tuko kwenye mtama, uwele na alizeti, na njia za vumbi tunazofanyia mazoezi zinageuka tope. Mavuno yakishaingia ndani ndipo mtu anapata asubuhi nzima ya kukaa juu ya baiskeli, akipambana na upepo wa kiangazi ambao kila aliyeishi Dodoma anaujua. Aliyefanya mazoezi ya namna hiyo miezi mitatu mfululizo, Oktoba atakuwa mtu mwingine. Wenzetu wa Ulaya wanaoshindana tangu Februari, wakati huo wamekwisha kuchoka. Sisi ndiyo kwanza miguu inafunguka.

Hatusemi kwamba kushuku ni dhambi. Lance Armstrong alivuliwa mataji 7 ya Tour de France mwaka 2012. Jirani zetu Kenya walishangilia Oktoba 2024 Ruth Chepngetich alipovunja rekodi ya dunia ya marathoni huko Chicago. Oktoba iliyofuata alifungiwa miaka 3, kwa sampuli iliyochukuliwa Machi 2025. Baada ya hayo, mtu mwenye akili timamu lazima aulize. Wala hatuwezi kumwapia kila mmoja wetu. Lakini huko kote aliyeuliza alijibiwa kwa ushahidi.

Tunaomba utuvumilie kidogo tueleze habari za Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kulelewa katika mchezo huu na David Kinjah kule Kikuyu. Mwaka 2011 alikwenda Vuelta ya Hispania, mashindano makubwa ya mwisho wa msimu, akiwa karibu hajulikani, akamaliza wa pili kwa tofauti ya sekunde 13. Minong'ono haikukawia. Yeye alieleza kwamba mwishoni mwa 2010 alikutwa na kichocho, akatibiwa. Huko Ulaya wengi waliiona hadithi ya ajabu. Kwetu, ambako watoto hugawiwa dawa yake, prazikwanteli, shuleni, tunajua kichocho kinavyommaliza mtu polepole. Kama ndicho kilichokuwa kikimrudisha nyuma, hatuna uwezo wa kuamua. Kilichoamuliwa kwa vipimo ni kingine: kumbukumbu za damu za Juan José Cobo, aliyemshinda, zilionyesha kasoro, na mwaka 2019 ushindi ukahamishiwa kwa Froome. Haki ilichelewa miaka 8, lakini ilifika kwa sababu damu ilikuwa imehifadhiwa kwenye maandishi.

Mwaka 2017, katika Vuelta hiyohiyo, mkojo wa Froome wa tarehe 7 Septemba ulikutwa na salbutamoli, dawa ya pumu, nanogramu 2,000 kwa mililita, wakati kiwango cha kuhojiwa ni 1,000. Shauri lilifungwa Julai 2018 bila adhabu. Wapo wasioridhika mpaka leo, na ni haki yao. Angalau wana tarakimu za kubishania.

Sisi tunabishania begi. Katika shindano moja la mwisho wa msimu, mwenzetu aliyeshinda alimwagiwa begi lake chini mbele ya umati. Zilitoka pampu, tyubu mbili, chupa ya uji wa ulezi na kopo la bluu la kuvuta la pumu. Kopo lile likainuliwa juu kama kete ya bangi. Zawadi yake ikazuiwa. Kanuni za dunia zinaruhusu kuvuta salbutamoli hadi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, zisizidi 600 katika saa 8 zozote, na mvuto mmoja kwa kawaida ni 100. Yeye huvuta mara mbili asubuhi yenye vumbi. Pale hapakuwa na hata mmoja aliyeijua kanuni hiyo, naye hakuijua, kwa hiyo alisimama tu akitetemeka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunadai kupimwa. Katika kila shindano la ngazi ya taifa, watatu wa kwanza watoe mkojo, na wengine wawili wachaguliwe kwa kura. Tupimwe pia kwa kushtukizwa kati ya Mei na Agosti, wakati wa mazoezi, maana anayetaka kudanganya hudanganya wakati huo. Na damu yetu ichukuliwe tangu Januari, kisha irudiwe mwaka mzima, ili kila mmoja afananishwe na yeye mwenyewe. Ndivyo chama cha baiskeli cha dunia kinavyofanya tangu 2008. Tunajua damu hiyo inatakiwa kusafiri ikiwa baridi na kwa haraka. Tangu 2018 Nairobi kuna maabara ya damu iliyoidhinishwa kwa kazi hii, na treni ya umeme kutoka Dodoma inafika Dar es Salaam kwa saa chache kuwahi ndege. Umbali hauwezi tena kuwa sababu.

Tunadai kanuni za dawa ziandikwe kwa Kiswahili na zifike kwenye maduka ya dawa muhimu. Kijana mwenye maumivu ya mgongo anaweza kupewa tramadoli dukani bila kuambiwa kwamba tangu Januari 2024 imekatazwa siku ya mashindano.

Zawadi ya mtu isizuiwe bila shutuma iliyoandikwa na kutiwa saini. Majibu ya maabara yatangazwe, yawe safi au machafu, kwa sauti ileile iliyotumika kushutumu.

Alphonce Simbu wa Singida alipotwaa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, Septemba 2025, alishinda mahali ambapo washindi hupimwa. Mwezi huohuo mashindano ya dunia ya baiskeli yalikuwa Kigali, na barabara ya kwenda huko ni hii tunayofanyia mazoezi: Singida, Nzega, Kahama, Rusumo. Vijana wetu watakapoifuata, wawe na kumbukumbu za damu mkononi.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya mvua za Desemba. Mkojo na damu tuko tayari kutoa leo, kabla hatujaondoka uwanjani hapa.