Kifundo cha chuma ao mguu usiokunjika?

Mutu anabeba mufuko wa kilo 50 kule Rubaya, anavunjika kifundo cha mguu, kinaunga vibaya. Miaka ikipita, mifupa inasuguana, hata usingizi hapati. Munganga iko na njia mbili: kuunganisha ile mifupa kwa visi, ao kuweka kifundo cha chuma na plastiki. Uingereza, utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba kisha mwaka moja nafuu ni karibu sawa. Lakini wale wagonjwa walikuwa na miaka 50 hadi 85, si vijana wa kubeba koltani. Chini ya mizigo, kifundo cha chuma kinalegea mbio. Operesheni ya pili, nani atalipa? Mimi ningeunganisha. Mlima utapanda kwa shida, ndiyo, lakini utalala. Na tumbako uache mbele: inazuia mifupa kushikana.