Tufani Isisingiziwe

Samaki wakifa kwa wingi katika Ziwa Viktoria, watu huulizana ni nani aliyetia sumu. Wengine husema ni tufani, na tufani ni kazi ya Mungu, basi hapana la kufanya. Mimi sikubaliani na wote hao.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 sangara wengi walielea wamekufa upande wa Uganda. Serikali ya huko ilieleza kwamba dhoruba ziliyachanganya maji ya juu na ya chini, hewa ikapungua majini. Sababu yake yaeleweka. Katika miezi ya joto maji ya juu hupata moto yakawa mepesi, na ya chini hubaki baridi na mazito, wala hayachanganyiki. Mimea midogo ya kijani ikifa huzama ikaoza, na kuoza huko humaliza hewa ya chini. Tufani kali ikija huyainua maji hayo mabovu. Kambale na kamongo huja juu wakavuta hewa, wakapona, sangara hawezi.

Lakini upepo huo huo ndio uzima wa ziwa. Pepo za Juni na Julai hulikoroga na kupeleka hewa chini kwenye tope, ambako viumbe wadogo huishi na kuwa chakula cha samaki. Basi upepo si adui. Adui ni udongo, mbolea na maji machafu tunayoyapeleka ziwani, yanayoilisha mimea ile ikazidi kiasi.

Msomaji wa Shinyanga atasema, "Ziwa liko mbali, mimi nalima pamba tu." La, si mbali. Mto Simiyu huchukua udongo wa mashamba ya Usukuma mpaka ziwani. Huko Geita wako wanaoosha dhahabu kwa zebaki karibu na vijito. Tena tangu mwaka 2009 maji ya ziwa huja kwa bomba kutoka Ihelele mpaka Kahama na Shinyanga. Tunalolitupa huko twalinywa hapa.

Najua mkulima na mchimbaji wanatafuta riziki. Lakini mvuvi naye ana watoto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Yafaa wachimbaji watengewe mahali pa kuoshea mbali na vijito, na kingo ziachwe ziote miti. Jambo hili lawezekana. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, watu walirudia ngitili za wazee wao, na nchi iliyokuwa kame ikafunikwa tena na miti.

Nasi wanafunzi tusingoje kuambiwa. Korongo lililo nyuma ya mabweni yetu hupanuka kila masika. Naomba mvua za kwanza zitukute tumekwisha chimba mashimo ya miche kandokando yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.