Gari la familia likibadilishwa rimu, upepo usibahatishwe

Kwenye vijiwe vya tairi vya Dodoma, kuanzia Majengo hadi Nzuguni, swali la fundi ni moja: "Niweke ngapi?" Jibu la madereva wengi nalo ni moja: "Weka ya kawaida." Fundi anaweka 30, au 35 kwa matairi yote manne, anafunga kifuniko, na gari linaondoka kuwafuata watoto shuleni.

Kwa gari ambalo bado lina rimu zilizotoka nazo kiwandani, "ya kawaida" inaweza kuangukia karibu na namba sahihi. Shida huanza pale mzazi aliyenunua gari lililotumika kutoka Japani anapoona rimu zake za inchi 14 ni ndogo, akafunga za inchi 16 za sport ili gari lipendeze. Kuanzia siku hiyo gari linatembelea matairi ambayo kiwanda hakikuyapangia upepo, na neno "kawaida" halina tena maana.

Hili ni suala la afya ya familia kama yalivyo mengine. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba watu takribani milioni 1.19 hufa kwa ajali hizo kila mwaka. Mzazi anayemfunga mtoto mkanda na kuendesha taratibu bado anategemea vipande vinne vya mpira, ambavyo kila kimoja kinagusa lami kwa eneo lisilopishana sana na kiganja cha mtu mzima.

Upepo ndio unaobeba gari

Wengi hudhani tairi hubeba gari kwa ugumu wa mpira wake. Kinachobeba ni hewa iliyomo ndani. Hewa ikipungua, ubavu wa tairi hukunjika na kunyooka kila linapozunguka, na mkunjo huo huzalisha joto. Joto likizidi, tabaka za ndani za nyuzi na waya huanza kuachana, na mwisho wake tairi hupasuka. Hatari hiyo ni kubwa zaidi gari likiwa limejaa, mwendo ni mkali na jua ni la mchana, hali ambayo familia nyingi hukutana nayo kwenye barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, umbali wa takribani kilomita 260.

Upepo ukizidi nao una madhara yake. Tairi hukanyaga kwa sehemu ya katikati tu, breki hushika vibaya, na kila shimo hupigwa kwa nguvu zaidi. Kwa rimu kubwa zenye tairi lenye ubavu mfupi, shimo moja linaweza kukunja rimu au kuchana tairi pembeni.

Marekani ililipa gharama kubwa kujifunza somo hili. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliita virudishwe takribani matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, gari lililopendwa na familia. Vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na matairi hayo. Kasoro za matairi yenyewe zilitajwa, lakini kampuni hizo mbili zilibishana pia kuhusu upepo: Ford ilikuwa imependekeza psi 26, Firestone ikasema inayofaa ni 30. Walipishana namba nne tu.

Sheria iliyotungwa Marekani mwaka huohuo ndiyo iliyofanya magari mapya ya huko yalazimike kuwa na taa ya kuonya upepo unapopungua. Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani hayana taa hiyo. Na pale ilipo, mara nyingi kifaa chake cha kupimia hukaa ndani ya rimu, hivyo rimu nyingine zikifungwa bila kukihamisha, taa inakosa cha kusoma.

Namba ya kuanzia iko mlangoni

Mlango wa dereva ukifunguliwa, kwenye nguzo ya mlango kuna kibandiko kinachoonyesha saizi ya tairi la kiwandani na upepo wake. Kwa magari ya Japani maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu husomeka, kwa mfano 175/65R14 82S, na pembeni yake 220.

Hiyo 220 ni kipimo cha kilopaskali (kPa). Geji nyingi za vijiweni husoma psi. Kubadili ni rahisi: namba ya kPa igawanywe kwa 6.9 kwenye kikokotoo cha simu. Kwa hesabu hiyo 200 ni psi 29, 220 ni 32, 230 ni 33, 240 ni 35 na 250 ni 36. Kibandiko kikiwa na namba tofauti za mbele na nyuma, tofauti hiyo iheshimiwe, maana uzito wa injini haulingani na uzito wa nyuma.

Namba isiyopaswa kufuatwa ni ile iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi, mfano "MAX PRESS 44 PSI". Huo ni upeo ambao tairi halipaswi kujazwa zaidi yake. Mtengenezaji wa tairi hajui litafungwa kwenye gari gani, kwa hiyo hawezi kumwambia dereva ajaze ngapi.

Rimu zikibadilika, hesabu inabadilika

Baada ya saizi ya tairi huja namba ndogo ambayo wanunuzi wengi huiruka. Kwenye 175/65R14 82S, namba hiyo ni 82. Inaonyesha uzito wa juu ambao tairi moja linaweza kubeba: 80 ni kilo 450, 82 ni kilo 475, 84 ni kilo 500 na 91 ni kilo 615. Herufi inayofuata ni ya mwendo.

Tuchukue gari dogo lililotoka kiwandani na tairi la 175/65R14 82. Mwenye gari anafunga rimu za 16 zenye tairi la 195/45R16 80. Kwa kimo matairi hayo mawili yanakaribia kulingana, ndiyo maana yanafungika bila tabu. Ila jipya linabeba kilo 25 pungufu kwa kila tairi. Kwa matairi manne pengo ni kilo 100, sawa na gunia zima la mahindi.

Tairi lenye namba ndogo ya uzito huhitaji upepo zaidi ili libebe mzigo uleule. Kama kibandiko kilisema psi 32, tairi hilo la 80 litahitaji takribani 34. Lipo pia tairi la saizi hiyohiyo lililoimarishwa, lenye alama ya XL na namba 84. Mnunuzi anaweza kudhani kwa kuwa lina nguvu zaidi litatosheka na upepo mdogo. Ukweli ni kwamba tairi la XL limetengenezwa kufikia uwezo wake kwa upepo mkubwa zaidi, kwa hiyo nalo linahitaji karibu 35. Kujaza 30 kwa sababu "ni tairi gumu" ni kulipunguzia uwezo wake.

Kwa mzazi, utaratibu ni huu. Kwanza, tairi jipya liwe na namba ya uzito inayolingana na ya kibandiko au kuizidi. Pili, kama halina alama ya XL na namba yake inalingana au inazidi, upepo wa kibandiko unabaki kuwa mwongozo mzuri. Tatu, kama ni XL au namba imepungua kidogo, upepo uongezwe kwa psi 2 au 3, bila kuuvuka upeo wa ubavuni. Namba ikiwa imepungua sana, upepo hauwezi kuziba pengo. Dawa ni kubadili tairi. Kwa saizi nyingine, muuzaji anayejua kazi yake ana majedwali ya mtengenezaji yanayoonyesha uzito na upepo wake, na mnunuzi ana haki ya kuomba aonyeshwe.

Apime asubuhi, gari likiwa limepoa

Namba zote hizo ni za tairi lililopoa, yaani gari lililosimama kwa saa tatu au zaidi, kivulini. Tairi lililotembea huonyesha upepo mwingi kwa sababu ya joto. Kulipunguza likiwa la moto ni kosa, kwani likipoa litabaki pungufu.

Hali ya hewa ya uwanda wa kati huongeza jambo jingine. Joto likibadilika kwa nyuzi tano au sita, upepo hubadilika kwa psi 1 hivi. Tairi lililojazwa 32 mchana wa nyuzi 30 litasoma takribani 29 asubuhi ya Julai yenye nyuzi 14. Mwinuko nao una mchango wake. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na geji hupima tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Tairi lililojazwa 32 hapa, likishuka hadi Dar es Salaam katika joto lilelile, litasoma pungufu kwa karibu psi 2. Familia inayoteremka pwani kwa likizo ipime tena asubuhi inayofuata, na irudie ikirejea Dodoma.

Kama kijiwe kiko mbali, mzazi apime nyumbani kwa geji yake kabla ya kuondoka. Akikuta tairi lina 28 na linahitaji 32, limepungukiwa 4. Afikapo kijiweni amwambie fundi aongeze 4 juu ya namba yoyote atakayoikuta. Geji hiyohiyo ndiyo itumike kila mara, maana za vijiweni hupishana.

Watoto, mizigo na tairi la akiba

Gari linalobeba mtoto mmoja kwenda shule si sawa na gari hilohilo lenye watu watano na magunia kwenda Singida au Kondoa. Baadhi ya vibandiko hutoa namba ya pili kwa gari lililojaa. Kama ipo, itumike. Kuongeza upepo hakuhalalishi kupakia watu au mizigo kupita uwezo wa gari.

Tairi la akiba nalo lisisahauliwe. Lile jembamba linalokuja na magari mengi madogo hujazwa 420 kPa, yaani psi 60, na halipaswi kuzidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Mengi hukaa miaka bila kupimwa. Aliyebadili rimu ahakikishe pia kwamba nati za rimu mpya zinaingia sawasawa kwenye tairi hilo. Kama haziingii, nati za zamani zibaki ndani ya gari.

Baada ya mwezi au miwili, tairi lenyewe litatoa majibu. Likilika pande zote mbili za pembeni, upepo ni mdogo. Likilika katikati, umezidi. Namba iliyopatikana iandikwe kwenye karatasi, mbele na nyuma, na ibandikwe juu ya kile kibandiko cha Kijapani, ili mama, baba au kijana atakayetumwa kujaza upepo awe na la kumjibu fundi.