Vyuma Havimpunguzii Mtu Kasi

Imani kwamba kunyanyua vyuma humfanya mwanamichezo awe mzito ni kongwe, na viwanjani katika mji wa Masumbwe bado inahubiriwa kama aya. Wachambuzi wa redio nao huirudia bila haya. Ni uzushi.

Kasi huzaliwa na nguvu. Mguu wa mkimbiaji wa mbio fupi hukanyaga ardhi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwenye kasi ni yule anayeisukuma ardhi zaidi ndani ya muda huo. Anayeanza mazoezi huongeza nguvu kwa karibu zoezi lolote, kwa kuwa mishipa ya fahamu ndiyo kwanza inajifunza kuamsha misuli. Mzoefu hana bahati hiyo. Mwili wake umeshazoea mzigo wa jana, hivyo hudai uzito mkubwa, marudio machache na kuruka kwa ghafla. Mwendesha baiskeli mkongwe anayezidisha kilomita tu barabara ya Kahama anazidisha uchovu.

Mwaka 1999, watafiti wa Finland waliwapunguzia wakimbiaji mahiri sehemu ya mbio zao na kuwapa mazoezi ya nguvu za mlipuko kwa wiki 9. Muda wao wa kilomita 5 ulishuka, ingawa uwezo wa mwili kutumia oksijeni haukupanda.

Wabishi huwataja watunisha vifua wasioweza kukimbia hata kulifuata basi stendi. Hawawezi kwa sababu hawajifunzi kukimbia! Wengine hudai kijana anayepandisha viroba vya mawe kutoka duarani, yaani shimo la machimbo, tayari ana nguvu za kutosha. Anazo za kustahimili kutwa. Jioni anaingia uwanjani akiwa hoi, na winga mwepesi anampita kama kigingi.

Wanaolipia gharama ya imani hii ni vijana. Wafadhili huleta jezi kila uchaguzi unapokaribia, lakini vyuma hawaleti, hivyo vijana hujimiminia zege kwenye makopo ya rangi na kuyaunganisha kwa bomba. Bomba hilo, likitumiwa kwa uangalifu, lina faida kuliko jezi.

Mwaka 2025 mjini Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03 dhidi ya Amanal Petros wa Ujerumani. Baada ya kilomita 42, kilichoamua ni kasi ya hatua za mwisho.

Kwa mzoefu, siku mbili za vyuma kwa wiki zinatosha, mradi isiwe mkesha wa mechi.