Daftari la wiki: Mdomo mpana haumwangushi mbogo

Usemi ulioniudhi wiki hii ni ule unaorudiwa kuanzia Kasongo hadi Kabambare, hapa Maniema: ukitaka kumwangusha mbogo, tafuta bunduki yenye mdomo mpana. Mtutu wa kalibri 12, silaha ya wawindaji wengi huku kwetu, una upana wa milimita 18 na ushei, karibu mara mbili ya risasi ya .375 H&H yenye milimita 9.5. Lakini kartushi yake ya shevrotini hurusha punje laini, kila moja ya gramu tatu na nusu hivi, na bega la mbogo huzimeza kabla hazijafika mapafuni. Ile .375, iliyotoka Uingereza mwaka 1912, hurusha kipande kimoja kirefu cha gramu 19. Kikiwa na ganda gumu, huvunja mfupa na kuendelea. Kinachoua ni kina cha jeraha na mahali lilipo.

Wapo watakaonitajia W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja na Lado mwanzoni mwa karne ya 20, akaua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi nyembamba ya milimita 7. Basi ukubwa si kitu? La. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo, na alitumia risasi ngumu zisizotanuka. Rekodi yake inatetea shabaha na kina. Haituambii kwamba kila mtu anaweza kulenga kama yeye. Kwa hiyo Tanzania haikukosea kuifanya .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari: sheria hutungwa kwa ajili ya mlengaji wa kawaida. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwanakijiji wa Nyangwe hana fedha za .375 wala kibali chake. Ni kweli kabisa. Basi abaki na mboloko na nguruwe, ambao kalibri 12 inawatosha, na mbogo amwache apite. Mbogo aliyejeruhiwa hujilaza kichakani, na kesho yake anayekutana naye ni mama anayekwenda kung'oa muhogo.

Tembo naye aachwe kabisa: hakuna kalibri inayofaa. Pembe zake zimekwisha kuigharimu Maniema vya kutosha.

Na tukitaja yaliyoigharimu Maniema, nasema tena, na nitarudia: tarehe 15 Julai 1871 ifundishwe katika kila darasa la Kasongo. Siku hiyo watu wa wafanyabiashara wa Kiarabu walielekeza bunduki kwa wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao sokoni Nyangwe, na wengi walizama Lualaba wakikimbia. Mpelelezi David Livingstone, aliyeshuhudia, aliandika kwamba Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Neno la mwisho kwa wawindaji: kartushi iliyohifadhiwa penye unyevu ikikataa kulipuka, usifungue bunduki papo hapo: elekeza mtutu pasipo na mtu, uhesabu nusu dakika, kwa sababu baruti mbovu huweza kuchelewa kushika moto.